Mahali pa Kuota Moto

Nilimkuta kijiweni, chini ya turubai lililofungwa kwenye mikaratusi miwili, amekaa juu ya pikipiki isiyo yake. Mvua ilikuwa inanyesha kwa namna ambayo sisi wa Mpwapwa hatuijui. Kwetu mvua ni mgeni wa heshima. Ikija watu hutoka barazani kuitazama, na ikichelewa tunaizungumzia kama ndugu aliyeondoka bila kuaga. Rungwe mvua ni mwenyeji, haitazamwi na mtu. Mama anapita na mkungu wa ndizi kichwani, mwanafunzi anakwenda zake amejifunika jani la mgomba, na vijana saba wa bodaboda wamejibanza chini ya turubai na mchungaji wao katikati, wanabishana habari za Simba na Yanga.

Tulisoma pamoja Dodoma miaka mingi iliyopita, kabla hajaitwa kwenye uchungaji. Sasa ni mchungaji wa vijana katika ushirika mmoja wa Kanisa la Moravian kwenye miteremko ya Mlima Rungwe. Nilikuwa nimemwomba nikae naye tangu mkesha wa Jumapili ya Mitende hadi Jumatatu ya Pasaka, nione kazi yake inavyokwenda. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Njoo na koti. Ratiba iache Dodoma."

Ofisi anayo, chumba kidogo nyuma ya kanisa chenye meza, vitabu vya kipaimara na ngoma mbili zilizopasuka. Katika siku kumi nilizokaa naye aliingia humo mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anatafuta kitu. "Nikikaa ofisini watanijia wale ambao tayari wako salama," aliniambia. "Wengine wako hapa." Akawaonyesha kwa kidevu, nao hawakuona aibu kuonyeshwa.

Mlima wenyewe sikuuona hadi siku ya nne. Una karibu mita 2,960, lakini masika huuvisha wingu hadi miguuni. Nilichokuwa nakiona ni kijani. Njia ya kutoka Mbeya ukipita Uyole hupanda kwanza hadi Isyonje, mahali pa baridi na viazi, kisha huteremka Kiwira, na hapo ndipo kijani kinapoanza kukuelemea. Nasema kukuelemea kwa sababu jicho la mtu wa Ugogo limezoea kutafuta: huku mbuyu, kule mkwaju, katikati vumbi jekundu. Rungwe hakuna cha kutafuta, vyote vimekuja kwa pamoja. Migomba imesimama bega kwa bega, chini yake kahawa, chini ya kahawa magimbi, na migomba inapoishia chai inaanza. Siku hizi kati ya hayo yote wamepanda parachichi, ile aina ya Hass inayopelekwa ng'ambo kwenye makontena ya baridi, na bei yake inazungumzwa hata kwenye ngazi za kanisa.

Nilimwambia mwenyeji wangu kwamba watu wa kwetu wangeona hii ni bustani ya Edeni. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. "Bustani ina mwenyewe, kaka. Hesabu. Baba ana ekari mbili, ana vijana wa kiume wanne. Parachichi ikishaingia shambani haitoki, mti utakaa miaka na miaka. Sasa yule wa nne umwambie nini?"

Zamani yule wa nne alikwenda Lupa, kule Chunya, kwenye dhahabu, au alivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, akarudi na baiskeli na blanketi. Leo anapewa pikipiki ya mkataba. Kijana mmoja pale kijiweni alinieleza mkataba wake bila kunung'unika: kila siku anampelekea bosi shilingi elfu nane, mvua inyeshe isinyeshe, na mwaka na miezi kadhaa ikitimia pikipiki inakuwa yake, kama yeye na pikipiki bado wazima.

Hilo la mwisho alilisema akitazama pembeni, na wenzake wakanyamaza. Nilikuja kuelewa jioni. Wiki tano kabla sijafika, mwenzao mmoja alikuwa amegongwa na lori barabara ya Kiwira. Alikuwa na miaka 22. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akapata kipaimara, kisha kanisa halikumwona tena. Usiku wa msiba vijana wa kijiwe wote, Wakristo na wachache wasio na dini yoyote, walichimba kaburi kwa zamu hadi kukakucha, mvua ikilijaza maji na wao wakiyachota kwa ndoo. Mchungaji alichimba nao. Asubuhi ndiye aliyehubiri, na aliniambia hakumbuki hata neno moja la mahubiri yale. Anachokumbuka ni kijana aliyemshika mkono baada ya mazishi na kumuuliza: "Mchungaji, na sisi ukituzika utatuzika hivihivi, bila kutujua?"

Tangu siku hiyo kila jioni anakwenda kijiweni.

Nilimwona akifanya kazi pale na sikuwa na hakika kama niite kazi. Jumatatu, kijana mmoja mwembamba alikuwa amejitenga, uso umemshuka. Kumbe hesabu ya siku mbili ameipeleka kwenye zile mashine za kubahatisha wanazoziita dubwi, zinazowaka taa nyuma ya duka moja la vinywaji. Nilisubiri mchungaji aseme neno kuhusu kamari. Hakusema. Alimwomba ampeleke nyumbani, safari ambayo kwa miguu ni dakika kumi, akamlipa nauli kamili, kisha wakasimama nje ya lango wanazungumza huku mvua ikiwapiga wote wawili, hadi chai iliyokuwa imewekwa mezani ikapoa. Aliporudi ndani amelowa, nilimuuliza wamezungumza nini. "Anaogopa kwenda kwa bosi. Nimemwambia kesho saa moja nitakwenda naye."

Na kweli alikwenda.

Shemeji yangu, mke wake, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake ndio unaoshika nyumba. Posho ya mchungaji hutoka kwenye sadaka, na sadaka hufuata bei ya ndizi. Wana ng'ombe wawili wa maziwa na kipande cha chai. Maziwa ya asubuhi yanauzwa, na sehemu ya fedha hiyo inakuwa bando la simu, kwa kuwa simu ile ina makundi sita ya vijana na haizimwi. Shemeji alinipikia mbalaga, ndizi za kupika zilizoiva hadi kulegea, pamoja na maharage, na pembeni maziwa ya mgando mazito ya kukata kwa kijiko. Mimi nimekulia ugali wa uwele na mlenda, chakula cha watu wanaojua kiangazi kinaweza kurefuka. Chakula cha Rungwe hakina hofu hiyo. Kinapikwa kingi, na anayepita anaitwa. Usiku wa kwanza waliitwa watatu, na mmoja wao alikuwa hajulikani na mtu yeyote pale mezani.

Lakini shemeji alisema neno moja tukiosha vyombo, na sikulisahau: "Vijana wa watu wanampata saa yoyote. Wa kwake wanasubiri zamu." Mtoto wao mkubwa ana miaka 14. Siku kumi nilizokaa, nilimsikia akizungumza na baba yake mara chache sana, na karibu zote zilihusu ng'ombe.

Saa nane ya usiku wa Jumanne simu ililia. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, kisha sauti yake barazani, ya chini, katikati ya kelele za mvua kwenye bati. Maneno mengi hayakunifikia. Moja alilirudia mara nyingi: "Nipo. Nipo. Endelea." Asubuhi hakuniambia alikuwa nani, nami sikuuliza. Alikunywa chai akiwa amesimama, akasoma Neno la siku kama Wamoravian wafanyavyo tangu 1731, akavaa mabuti ya mpira.

Jumatano alinipeleka kwa mzee mmoja anayekaa juu zaidi, karibu na msitu. Kule juu ndiko wataalamu walikomtambua yule nyani aitwaye kipunji, waliyemtangaza kwa dunia mwaka 2005 kama aina mpya, wakati wawindaji wa hapa walikuwa na jina lake siku zote. Mzee ana miaka zaidi ya 85. Mchungaji aliinama akamwamkia, "Ugonile, tata," na mzee akajibu kwa utaratibu, bila haraka, akiuliza hali ya kila mtu wa nyumbani mmoja mmoja. Kisha akaniuliza kwetu vijana wanalala wapi.

Nilishangazwa na swali. Nikamwambia wanalala nyumbani kwa wazazi wao, mpaka waoe au wapate kazi mjini.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe," alisema.

Nilikuwa nimesoma habari hiyo kwenye kitabu cha Monica Wilson, aliyekaa Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na baadaye, mwaka 1951, akachapisha utafiti wake juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Kuisikia kwa mtu aliyelala humo ni jambo jingine. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja, mzee alieleza, aliacha kulala kwa baba yake. Haifai mtoto anayeanza kuelewa usiku alale nyumba moja na wazazi wake. Yeye na wa rika lake walijenga vibanda vyao pembeni ya kijiji, vya mianzi na udongo. Mchana walichunga na kulima mashamba ya baba zao. Chakula walikula kwa akina mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja: walikwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule, na kila mama alijua ana watoto zaidi ya aliowazaa. Usiku walirudi kwenye kijiji chao. Wakikua wakioa, mke huletwa hapohapo, na kijiji cha watoto kinakuwa kijiji cha watu wazima. Kisha inafika siku ya ubusoka, wazee wanawakabidhi vijana nchi mbele ya malafyale, yaani chifu, na wao wenyewe wanakaa pembeni.

"Mlikuwa mnafanya nini usiku?" niliuliza.

"Ukwangala," alisema, na akamtazama mchungaji amsaidie. Mchungaji alijaribu: kukaa pamoja, kula pamoja, kuchangamka na wenzako mnaolingana. Mzee alitikisa kichwa, halitoshi. Akaliongeza mwenyewe kwa Kiswahili: "Kukaa na mtu mpaka usimwogope."

Sisi Wagogo tuna jando, na najua walioingia jando pamoja wanaitana maisha yote. Lakini jando ni msimu. Kinachofuata ni kurudi nyumbani. Hawa walijenga mahali. Na palivunjika taratibu bila tangazo: ardhi ilipopungua hapakuwa na pembeni ya kujengea, vijana wakaenda Lupa na migodini, shule ikawagawa upya kwa madarasa, na waumini wa kwanza wa misheni walihamia kwenye ardhi ya misheni, mbali na wenzao wa rika.

Tukishuka nilikuwa nawaza juu ya hao wamisionari. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 wakitokea Ziwa Nyasa, na walitoka katika kanisa lenye kumbukumbu inayofanana na hii kuliko wanavyodhani wengi. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipokelewa kwenye ardhi ya Nikolaus von Zinzendorf, kabaila wa Saxony mwenye miaka 22 tu, wakajenga kijiji wakakiita Herrnhut. Huko waligawana kwa rika na hali: wanaume wasiooa kundi lao, wasichana lao, wajane lao. Kila kundi waliliita kwaya, ingawa kazi yake ilizidi kuimba. Vijana wa kiume walikuwa na nyumba yao, wakilala humo, wakifanya kazi humo na kusali humo. Basi mwaka 1891 watu wa nyumba ya vijana walipanda mlima wakakuta vijiji vya vijana. Wangeweza kuketi pamoja wakaambizana. Karne moja na zaidi imepita, na mtu mmoja mwenye mabuti ya mpira anajaribu kurudisha kitu hicho akiwa na turubai la kijiweni na bando la simu.

Nilimwambia hivyo. Alicheka kidogo, kisha akaniambia kwamba miaka miwili sasa anaomba kwenye baraza la wazee wa kanisa kipande kidogo cha ardhi nyuma ya kanisa, vijana wajenge banda. Si ukumbi, banda tu la kukaa jioni. Kila mara jibu ni lilelile: watavuta bangi humo, watalala humo na wasichana. Sioni sababu ya kuwadharau wazee hao. Wana wajukuu, na hofu yao ina majina. Lakini bangi inavutwa tayari, kwenye mabanda ya watu wengine, na vijana wa ushirika huu wamezidi kuhamia kwenye makanisa mapya ya mjini yenye vipaza sauti vikubwa na maji ya upako. Mchungaji hakuwasema vibaya. "Kule wanaitwa kwa jina," alisema.

Baraza lilikaa Alhamisi mchana, kabla ya ibada ya Meza ya Bwana. Nilisubiri nje, kwenye ngazi, na msichana mmoja alikuwa anasubiri pia na mama yake, mbali kidogo, wamejikunyata chini ya mwavuli mmoja. Ana miaka 17, alikuwa kidato cha tatu, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana. Sasa ana mimba ya miezi mitano. Mvulana mhusika, ambaye naye alikuwa kwenye kwaya hiyohiyo, amekwenda machimboni.

Mchungaji alikuwa ameshafanya nusu ya kwanza ya kazi. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, na waraka wake upo. Alikuwa ameuchapisha, akaukunja, akaenda nao shuleni akifuatana na mama wa msichana, wakaambiwa nafasi hakuna. Akarudi mara ya pili, wakaambiwa waje mkuu akiwepo. Mara ya tatu jina lake likaandikwa. Nusu ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilikuwa ya kwake mwenyewe, ya kanisa. Utaratibu unasema atolewe kwenye kwaya na asikaribie Meza ya Bwana hadi atakaporejeshwa kundini mbele ya watu.

Baraza lilichukua saa tatu. Alipotoka nilimsoma usoni kabla hajasema. Msichana ameondolewa kwenye kwaya. Alikuwa amewauliza wazee mbona mvulana hajatajwa kwenye kumbukumbu za kikao, wakamjibu kwamba hayupo. "Niliwaambia: ndiyo maana tunamwadhibu yeye, kwa sababu amebaki." Hawakubadili. Alishuka ngazi, akachuchumaa mbele ya msichana yule kwenye mvua ili macho yao yawe sawa, akamwambia mwenyewe. Angeweza kumtuma mzee wa zamu. Mama alilia. Msichana aliuliza jambo moja tu, kama anaruhusiwa kuja Jumapili alfajiri, kwenye ibada ya Pasaka inayofanyika makaburini. Mchungaji alimwambia makaburini hakuna benchi la kwaya.

Usiku ule, baada ya ibada, alikaa jikoni karibu na jiko la mkaa muda mrefu. Nilimuuliza kama anafikiria kuacha. Alisema anafikiria kila mwaka mwezi wa saba, bajeti ya ushirika inapopangwa na fungu la vijana likawa la mwisho, na anafikiria kila mara anapomwona mwanawe akipita. Ana miaka 39. Hivi karibuni vijana watakuwa wanamwita mzee. "Ila nikiacha," alisema, kisha hakumalizia. Akaniambia baraza limetoa kitu kimoja. Mzee mmoja, mgumu kuliko wote katika shauri la msichana, alisimama mwishoni akasema wapeni ile sehemu ya mteremko karibu na makaburi, hakuna mtu anayeitaka. Labda alitaka kufunga kikao. Labda kuna kitu kilimgusa. Ilipigwa kura ikapita.

Jumamosi vijana walisafisha makaburi. Walifyeka majani, wakapaka chokaa mawe, wakaweka maua kwenye makopo. Kaburi la kijana wa bodaboda lilikuwa bado udongo mtupu, umetitia upande mmoja kwa mvua. Mtoto wa mchungaji alikuwa anabeba udongo kwa karai akijaza pale ulipotitia. Hakuna aliyemwagiza. Baba yake alikuwa upande wa pili wa makaburi, alimwona, akaendelea kufyeka.

Jumapili saa kumi alfajiri tuliamshwa na tarumbeta. Wapigaji walikuwa wanapita vijijini gizani wakiwaita watu, sauti ya shaba ikipotea kwenye migomba na kutokea upande mwingine. Ibada hii ya alfajiri ilianza Herrnhut mwaka 1732, na walioianza walikuwa vijana: wanaume wachache wasiooa walioafikiana kukutana makaburini jua likichomoza. Nilimkumbuka bibi yangu Mpwapwa, Mwanglikana wa kizazi cha kwanza katika ukoo wetu, ambaye asingekanyaga makaburini gizani kwa sababu yoyote. Hapa watu walikuja na watoto mgongoni. Walisimama katikati ya wafu wao kama mtu anavyosimama uani kwake, wanasalimiana kwa kunong'ona, "Ndaga, ndaga," mwingine ameegemeza mkono juu ya jiwe la baba yake.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kwaya ilisikika kabla haijaonekana. Msichana yule alisimama na mama yake karibu na mti. Wimbo ulipoanza alikaa kimya ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili akaingia, sauti ya kwanza, kutoka alipokuwa. Kiongozi wa kwaya aligeuka kutazama, kisha akageukia waimbaji wake akaendelea kupiga mkono.

Katikati ya somo tulisikia injini. Taa zikaanza kutokea barabarani chini, moja nyuma ya nyingine, njano kwenye ukungu, zinapanda polepole. Nilihesabu kumi na nne. Walizima pikipiki kwenye uzio, wakavua kofia ngumu, wakaingia kwa mstari mmoja wakiwa na makoti yao ya mvua, wakaenda moja kwa moja kwenye kaburi la mwenzao wakalizunguka. Mchungaji aliacha kusoma. Alisubiri hadi wa mwisho amefika, ndipo akarudi mwanzo wa sura akaisoma tena yote.

Mvua haikunyesha asubuhi ile. Kulipopambazuka niliuona Mlima Rungwe mzima, mweusi, kilele chake kimekatwa sawasawa na wingu jembamba jeupe.

Jumatatu ya Pasaka, siku yangu ya mwisho, walianza kujenga. Walikuja vijana kama ishirini, nusu wa kwaya, nusu wa kijiweni, na mwanzoni walikaa makundi mawili, hadi mianzi ilipofika kwenye trekta la mtu na wakahitajika watu wa kubeba. Mwanzi mmoja mrefu unataka watu wawili. Nilishika ncha moja, ncha nyingine ilishikwa na yule mwembamba wa dubwi. Mtoto wa mchungaji alipewa kazi ya kuchana kamba za mgomba, akawa anamkatia baba yake na kumpa mkononi bila maneno, moja baada ya nyingine, na baba yake anafunga.

Saa sita mvua ikarudi, na hakuna aliyeacha. Nguzo kumi zilikuwa zimesimama wakati yule mzee wa juu alipofika, ameshuka mlima wote ule kwa fimbo, ameshikwa mkono na mjukuu. Alizunguka banda lote nje, akigusa kila nguzo. Akaingia ndani, akasimama katikati ambapo bado palikuwa majani mabichi na matope. Vijana waliacha kazi kumsikiliza.

Aliuliza wataota wapi moto.

Walitazamana. Kwenye mchoro wa mchungaji, uliochorwa nyuma ya karatasi ya matangazo ya Jumapili, palikuwa na mlango, madirisha mawili na mahali pa kuchajia simu. Mzee alichomeka fimbo yake ardhini pale aliposimama. Kijana mmoja wa bodaboda alichukua jembe, na mtoto wa mchungaji akachukua karai, wakaanza kuchimba.